Kijiji Kisichokuwa na Mgonjwa

Kutoka Songea hadi Dar es Salaam nilitumia siku kumi na tisa, na katika siku hizo lori letu lilitembea labda tisa. Zilizobaki lilikaa. Lilikaa Njombe kwa sababu ya tope. Likakaa Iringa kwa sababu dereva alikuwa na mke huko, na huyo mke alikuwa na maneno mengi ya kumaliza naye. Likakaa tena mahali pasipo na jina, mbele ya Iringa, kwa sababu springi ilikatika na utingo akatumwa kwa miguu kwenda kutafuta nyingine. Sisi abiria tulikuwa juu ya magunia ya tumbaku, na hadi leo mtu akiwasha sigara karibu yangu, mgongo unaniuma. Dodoma nikapanda gari moshi, daraja la tatu, nikasimama hadi Morogoro, ndipo nikapata mahali pa kuweka sanduku langu la bati na kulikalia.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na cheti cha darasa la kumi. Mapadri walionisomesha walitaka niwe mwalimu. Mimi nilitaka kuona bahari. Niliiona siku ile ile niliyofika, nikasimama pale kitambo nikingoja jambo fulani litokee moyoni, halikutokea. Yalikuwa maji mengi, basi. Baadaye, nilipokuwa Kigoma, na Tabora, na mahali pengine ambako miguu yangu ilinipeleka bila kuniuliza, niliikumbuka bahari ile mpaka nikakosa usingizi.

Vita vikubwa vya pili vilikuwa vimekwisha, na serikali ya Mwingereza ilikuwa imegundua kwamba watu wa mashambani nao huumwa. Ilikuwa inatafuta vijana wanaojua kusoma ili iwafundishe udresa: kusafisha vidonda, kupiga sindano, kupima kwinini, kuandika daftari. Hasa kuandika daftari. Nikakubaliwa. Nilipanga chumba Temeke, katika nyumba ya makuti yenye vyumba sita na choo kimoja, na kwa mwaka mmoja na nusu nikaenda mjini kila asubuhi kufundishwa jinsi ya kumsaidia mtu wa shamba na watu ambao hawakupata kulala shamba hata usiku mmoja.

Siku ya kumaliza tulihutubiwa. Bwana mkubwa wa afya, Mzungu mrefu mwenye Kiswahili safi cha kitabuni, alisema tunakwenda kupeleka dawa hadi mlangoni kwa mwananchi. Tulipiga makofi. Mimi nilipangiwa kijiji kimoja nyuma ya Kimbiji, na lori lililonipeleka lilipita Mbagala, likaendelea kidogo, likazama kwenye mchanga. Dereva akazima mashine, akaniambia, "Kutoka hapa mlango wa mwananchi ni kwa miguu." Wapagazi wanne wakabeba masanduku ya dawa. Tulitembea siku nzima na nusu ya siku ya pili. Tulipofika nikaonyeshwa dispensari. Ilikuwa kibanda cha udongo chenye vyumba viwili, na mlango haukuwapo. Palikuwa na tundu la mlango, na mbuzi amelala ndani yake.

Sitaki kusema kwamba nilikuwa dresa mzuri. Nilikuwa na chumvi ya haluli ya kuendesha tumbo, kwinini, iodini, dawa ya zambarau ya kuoshea vidonda, unga mweupe wa salfa ambao niliambiwa niutumie kama vile dhahabu, dawa ya sindano ya buba, ule ugonjwa wa vidonda vya ngozi, na dawa ya kikohozi katika mtungi mkubwa. Sheria ya dawa ya kikohozi ilisema mgonjwa aje na chupa yake mwenyewe. Kijiji kizima kilikuwa na chupa saba. Nilizihesabu, kwa maana zilikuwa zikizunguka nyumba hadi nyumba kama jembe la kuazima, na kuna mtu mmoja alikohoa wiki mbili zaidi kwa sababu zamu yake ya chupa ilikuwa haijafika. Nilipoandika barua mjini kuomba chupa, nilijibiwa kwamba wananchi wafundishwe kujitegemea.

Lakini watu walikuja. Walikuja kwa sindano ya buba kutoka vijiji ambavyo sikuvijua, watu thelathini, arobaini kwa siku, wakikaa chini kwenye kivuli cha ukuta na kusogea kadiri kivuli kilivyosogea. Sijapata kuona mahali pengine ambapo watu walikuwa na imani kubwa namna ile na kitu kidogo namna ile.

Miongoni mwao alikuwapo mama mmoja, mtu mzima, msukaji wa mikeka, dada yake jumbe, mkuu wa kijiji. Alikuwa na kidonda mguu wa kushoto, juu kidogo ya kifundo, kikubwa kama sahani inayokaa chini ya kikombe cha chai, na kirefu kwenda ndani. Alikuwa nacho mwaka wa tatu. Alikuwa amekwisha kupelekwa hospitali kubwa ya mjini kwa machela, na huko akaambiwa mguu ukatwe. Aliomba ruhusa ya kwenda haja, akatoka, akajikokota hadi kivukoni, akarudi kwao.

"Mie nina bonde la mpunga," aliniambia siku ya kwanza, akiuweka mguu juu ya benchi kama mtu anayeweka bidhaa sokoni. "Mtu wa mguu mmoja anasimama vipi kwenye tope? Nitazame, mwanangu. Usinitazame uso, utazame mguu. Utapona au unanidanganya?"

"Utapona ukija kila siku."

"Kila siku hata Ijumaa?"

"Hata Ijumaa."

"Wewe Mkristo, kwako Ijumaa ni nini? Haya, nitakuja."

Alikuja. Kila asubuhi, kabla ya wote, na fimbo yake na ukili kwapani ili asuke akingoja. Nilikiosha kidonda kwa maji ya chumvi ya moto, yeye akisaga meno na kunitukania ukoo wangu wote wa bara, kisha nikakitia salfa na kukifunga. Baada ya miezi minne kilikuwa kimerudi ukubwa wa kisosi cha kitoto, chekundu, safi, kimeanza kuota ngozi pembeni. Halafu mimi nikaugua homa siku sita. Hakukuwa na mtu wa kumfunga. Nilipoamka nikakuta kimefumuka tena na kunuka, na kazi ya miezi miwili imekwenda. Tangu hapo mimi na yeye tulijua jambo hili bila kuambiana: mguu ule ulikuwa unaning'inia kwenye kibanda kile. Kibanda kikiwapo, mguu upo. Kikiondoka, mjini kuna msumeno.

Ndipo ikaja barua. Bwana mkubwa wa afya angetembelea dispensari zote zilizofunguliwa kwa majaribio. Pale atakapoona zinahitajika, zingejengwa kwa mawe, zipewe vitanda na mkunga. Pale zisipohitajika, zingehamishwa. Nilimsomea jumbe mara mbili. Alikuwa mtu mpole, mnene, msafi wa kanzu, na hakuna siku niliyomwona akimpita mtu bila kumsalimia.

"Atakuja mwenyewe?" aliuliza. "Na motokaa?"

"Na motokaa."

"Basi kazi ipo," akasema, akainuka.

Kazi ilikuwapo. Kwa wiki nzima kijiji kilifyeka. Kila mahali penye mchanga wa kuzamisha gari, hadi uwanjani kwake jumbe, palitandikwa makumbi ya nazi, na juu ya makumbi makuti mabichi, tabaka kwa tabaka, hata ukipita juu yake ulihisi kama unatembea juu ya godoro. Watu waliezua mabanda yao ya kuku ili kuongeza makuti. Kuta zilipakwa chokaa. Mimi, sitaficha, nilisugua mabenchi ya dispensari kwa mchanga na majivu mpaka yakawa meupe. Niliiga mlango kwa kupigilia mbao za masanduku. Nilipanga chupa za dawa kwa urefu, ndefu nyuma, fupi mbele, kama watoto wa shule wanaopigwa picha. Na jioni ya mwisho nilipotazama sakafu yangu, nikafikiri: kesho watakuja watu arobaini na miguu yao ya matope. Nikafikiri hivyo kweli. Nilikuwa na cheti cha darasa la kumi na nikafikiri hivyo.

Pwani kuna kitu kinachoitwa sitara. Mtu humsitiri mwenzake. Aibu ya nyumba haitolewi uwanjani, mgonjwa hatembezwi mbele ya mgeni, na mwenye kidonda kinachonuka haketi mahali ambapo chakula cha mgeni kitapita. Ni jambo zuri, nimeishi mahali pasipo nalo na ni pabaya zaidi. Lakini lilikutana na bwana mkubwa wa afya, na hapo sitara ikawa kamba ya kujinyongea. Asubuhi ya ugeni nilisikia ukimya. Sikusikia kikohozi, sikusikia mtoto akilia. Kwenye kivuli cha ukuta wa dispensari hapakuwa na mtu. Nikaenda mbio kwa jumbe.

"Wagonjwa wako wapi?"

"Wamepumzishwa," alisema, akijifunga kilemba. "Wako mashambani. Wamepewa chakula, usiwe na wasiwasi, Bwana Dresa. Hatutakuaibisha."

"Na dada yako?"

"Huyo ndiye wa kwanza niliyempeleka. Ng'ambo ya mto kabisa. Kidonda kile, mgeni akikiona atakula nini tena?"

"Jumbe, huyu amekuja kutafuta wagonjwa!"

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama kijana asiyefunzwa adabu kwao. "Amekuja kututazama sie," akasema. "Atuone tumekufa?"

Nilikuwa na saa mbili. Ng'ambo ya mto na kurudi na mama wa mguu mmoja na nusu, ni saa tatu. Ningeweza kukimbia hata hivyo. Nilisimama nikipiga hesabu, na nilipokuwa bado nikipiga hesabu, honi ikalia.

Motokaa ilikuja juu ya makuti kama mashua juu ya maji tulivu, haikuyumba, haikuzama. Kulikuwa na ngoma, na madafu, na wanaume sitini wa kanzu nyeupe wote wazima wa afya, maana wasio wazima walikuwa mashambani. Bwana mkubwa alishuka akitabasamu. Nyuma yake alishuka karani wake, kijana wa bara kama mimi, mwenye tai na kalamu mbili mfukoni. Waliingia dispensari. Bwana mkubwa alipitisha kidole juu ya benchi langu, akakitazama kidole, kikawa safi, akafurahi. Kisha akafungua daftari.

"Thelathini na watano," alisoma. "Thelathini na wanane. Arobaini na mmoja." Akatoka mlangoni, akatazama uwanja. "Leo sioni hata mmoja. Wote wamepona jana?"

"Bwana, wapo. Wamefichwa."

"Wamefichwa na nani?"

Nilimtazama jumbe. Jumbe alicheka, kicheko cha mwenye nyumba anayeokoa karamu yake. "Bwana mkubwa, kijana huyu ni mtu wa bara. Joto la huku halijamkubali. Akimwona mtu amelala mchana hudhani anaumwa. Hapana mgonjwa hapa. Kwa baraka zako tu wazima wote."

Wale sitini wakacheka. Ngoma ikajibu.

"Nipe saa tatu tu," nikasema, "nikuletee mama mmoja. Mmoja tu, uone mguu wake."

"Sikuja kuwinda wagonjwa," alisema bwana mkubwa, bila hasira. Alilifunga daftari langu taratibu. "Wewe ama ni dresa hodari sana, ama ni mwandishi hodari sana."

Karani akaliandika hilo. Nilimwona akiliandika.

Walikula kuku watano na wali wa nazi. Wakati wa kuondoka, bwana mkubwa aliwashukuru wazee, akasema amepata kuona vijiji vingi lakini si kimoja chenye afya kama hiki, wala chenye barabara nzuri kama hii. Na kwa barabara kama hii, akasema, hata mgonjwa akitokea kwa bahati mbaya, mjini ni safari ya saa tatu. Jumbe aliinama kwa shukrani. Alikuwa na machozi ya furaha. Motokaa ikaondoka juu ya makuti, na kabla vumbi halijatua, wenye makuti wakaja kuchukua makuti yao. Kabla jua halijazama barabara nzuri ilikuwa imerudi juu ya mabanda ya kuku.

Yule mama alirudi siku ya pili yake, amebebwa na wajukuu wawili, kidonda hakijafunguliwa siku mbili. Alikwenda moja kwa moja uwanjani kwa kaka yake, mimi nyuma na beseni langu, nikimweleza njiani mgeni alikuja kutafuta nini.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, dada. Umerudi salama?"

"Nimerudi. Mgeni amekwenda?"

"Amekwenda, amefurahi sana."

"Alikuja kufanya nini?"

Jumbe akaanza kukaza kilemba chake.

"Bwana Dresa amenambia alikuja kutazama wagonjwa. Ukanipeleka kulala na nguruwe pori."

"Nilikusitiri, dada yangu. Mgeni akija kwako, unamwonyesha choo?"

"Kama mgeni ni mchimba choo, ndiyo, namwonyesha!" Wanawake waliokuwa wakitwanga wakaacha kutwanga. "Ulinisitiri mie? Ulijisitiri wewe. Mguu wangu, aibu yako, tumegawana hivyo? Basi na kukatwa ukakatwe wewe!"

Nikamfunga mguu palepale uwanjani, mbele ya wote, na hakusaga meno wala hakunitukana. Hilo lilinitisha.

Barua ya kuhamisha ilikuja baada ya wiki tatu. Ilisema kwamba kijiji hakionyeshi haja, na kwamba, ili huduma iwafikie watu wengi zaidi wa mashambani, dispensari itahamishiwa Temeke, kando ya barabara. Nilimsomea jumbe. Aliniomba nisome tena. Nikasoma tena. "Niandikie barua," akasema, "nimwambie tuna wagonjwa." Nikaiandika, nzuri, kwa mwandiko wangu mzuri, jumbe akatia kidole gumba. Jibu lilisema kwamba bwana mkubwa alifika mwenyewe na kuona kwa macho yake, na kwamba alikuwa amehakikishiwa na jumbe.

Lori lilikuja kuchukua vifaa, na halikuzama mara moja, lilizama mara tano. Lilifika na karani yule yule, suruali imejaa mchanga hadi magotini, tai bado shingoni. Alikuwa na orodha ya vifaa vyote, akasimama nyuma ya lori akiviita kimoja kimoja kama mwalimu anayeita majina darasani: mabenchi mawili, meza moja, mtungi mmoja, mabeseni mawili. Watu walikuwa wamejaa uwanjani, wanatazama. Tulipomaliza kupakia, nikamwona yule mama juu ya lori. Alikuwa amekalia benchi la dispensari, mgongo kwa dereva, na mkeka mmoja, sufuria, fimbo, na kuku amefungwa miguu.

"Mama, shuka," karani alisema. "Gari hii imekuja kuchukua vifaa."

"Mie ni kifaa."

"Wewe humo kwenye orodha."

"Si una kalamu mbili? Niandike."

"Nikuandike nini?"

"Andika: mguu mmoja, mbovu. Kama unavyoandika beseni."

Watu wakacheka. Karani akageukia dereva, mtu wa Temeke, mnene, aliyekuwa akipunga upepo kwa kofia yake. "Mshushe."

"Mie?" alisema dereva. "Mie kazi yangu usukani. Kumburuta mama wa watu sikuandikiwa. Mshushe wewe mwenye tai."

Karani akanitazama mimi. Sijafanya jambo la ushujaa katika maisha yangu, na hata siku ile sikulifanya. Niligeuza tu uso nikajifanya nakaza kamba. Ndivyo alivyobaki.

Kisha lori likakataa kutoka. Magurudumu ya nyuma yalizunguka, yakachimba, yakakaa. Na hapo nikaona jambo ambalo nikilisimulia watu hudhani nimetia chumvi. Jumbe alipiga ukelele, wanaume wakaja, wale wale sitini, na sasa pamoja nao walikuja wenye buba, na wenye vikohozi, na mzee aliyekuwa haoni vizuri, wakaweka mabega yao na kuisukuma dispensari yao itoke kijijini. Waliisukuma kwa nguvu, kwa kuimba. Mgeni haachwi amekwama. Hakuna aliyewalazimisha, karani hata hakuwa amewaomba. Jumbe mwenyewe alikunja kanzu akasukuma, mchanga ukimrukia usoni, na dada yake amekaa juu ya benchi akimtazama kutoka juu.

"Sukuma, kaka, sukuma!" alimwambia. "Mgeni anachelewa!"

Alisukuma. Alikuwa analia, au ni mchanga.

Dispensari ya Temeke ilikuwa na sakafu ya saruji na mlango wenye bawaba. Iliwekwa mwendo mfupi kutoka hospitali ya mjini, kwa watu ambao wangeweza kwenda hospitali hiyo kwa miguu na kurudi kabla chai haijapoa. Yule mama alifikia kwa mtoto wa dada yake, nyuma ya duka la Mhindi, na kila asubuhi alikuwa wa kwanza mlangoni. Alipanga mikeka yake hapo hapo nje akiuza. Nilimwosha, nikamfunga. Karani alikuja mwisho wa mwezi kukagua, akamkuta, akajifanya hamjui, akauliza anatoka wapi. Nikamwambia. Na katika ripoti, ambayo nililetewa nakala ili niibandike ukutani, iliandikwa kwamba tangu dispensari ihamishiwe Temeke wagonjwa wa mashambani wameanza kufika, hata kutoka nyuma ya Kimbiji. Mgonjwa wa mashambani alikuwa mmoja. Alikuwa amekuja kama kifaa.

Sikuibandika. Niliitumia kufungia kwinini.

Kidonda kilichukua masika yote, kipupwe chote na vuli yote. Kilipungua hadi ukubwa wa kiganja cha mtoto, kisha wa jani la mkwaju, kisha ikafika asubuhi nilipofungua bendeji na hapakuwa na cha kufunga. Palikuwa na ngozi mpya, nyembamba, inayong'aa. Niliibonyeza kwa kidole, haikuuma.

"Basi?" akauliza.

"Basi."

Aliutazama mguu muda mrefu. Akavaa kandambili, akasimama, akapiga hatua mbili bila fimbo. "Mpunga unapandwa wiki ijayo," akasema, kana kwamba nilikuwa nimemchelewesha.

Habari za kijijini alikuwa nazo, zilikuja na wauza mihogo. Wenye buba wamerudi kwenye mizizi. Chupa saba zimebaki chupa za mafuta ya taa. Kaka yake ameota kitu jichoni, chekundu, kinatoa maji, na haoni vizuri.

"Mwambie aje," nikasema. "Jicho halingoji. Aje wiki hii."

"Nimemtumia salamu mara tatu. Hataki. Anasema jumbe mzima apite njiani amefungwa kitambaa usoni, watu wamwone?" Alicheka, kisha hakucheka tena. "Anakaa ndani. Ameniambia nimletee dawa nikirudi, nimtie mimi mwenyewe, pasiwe na mtu anayejua."

Nilimpa dawa ya macho, na pamba, na kitambaa, na unga wa salfa uliobaki, wote, ule wa dhahabu. Nilimfundisha kuchemsha maji, kunawa, kudondoshea tone kwenye kona. Nilimfundisha na kufunga kidonda, mara tatu, juu ya mguu wa meza. Alijua tayari. Alikuwa ametazama mikono yangu kwa zaidi ya mwaka. Alizifungia zote ndani ya mkeka na kuukaza kwa ukili.

"Hizi si za serikali?" aliniuliza.

"Ni za serikali."

"Hawatakuuliza?"

"Wataniuliza. Hawatanikuta."

Nilikuwa nimekwisha kujaza fomu ya kuacha kazi. Fomu ilikuwa na mstari mmoja wa kuandika sababu, mfupi, unaotosha maneno manne au matano. Niliuacha mtupu. Asubuhi iliyofuata nilifunga mlango ule wenye bawaba, nikaenda kuweka ufunguo juu ya meza ya karani ofisini kwake mjini, na kwa kuwa yeye hakuwapo, nikaacha na daftari likiwa wazi kwenye ukurasa wa siku ile, ambao haukuwa na mtu.

Tulikwenda pamoja hadi Mbagala, mimi na sanduku langu la bati, yeye na mkeka wake kichwani. Alitembea upesi kuliko mimi. Mara mbili alisimama kunisubiri, akinitania kwamba sasa ni mimi ninayehitaji fimbo. Njia ilipoanza mchanga nikamwambia mimi naishia hapa.

"Unakwenda wapi sasa, mwanangu?"

"Sijui. Dodoma kwanza."

"Huko kuna nini?"

"Hakuna."

"Haya. Wewe nenda kwenye hakuna, mie nikamtie kaka yangu dawa." Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, mikavu kwa ukili, akauachia. "Usinisindikize kwa macho, nitajikwaa."

Nilimsindikiza kwa macho. Hakujikwaa. Alishika njia ya mchanga, mguu wa kushoto ukikanyaga sawa na wa kulia, hadi mikorosho ikamficha. Kisha nikainua sanduku, nikarudi mjini, nikaenda stesheni.